Vifuko mia tatu vya udi kwa harusi ya nyumbani: uzoefu wangu

Taja tu kwamba unatafuta vizawadi vya kuwapa wageni wa harusi, uone jinsi kila mtu Mombasa alivyo fundi. Chokoleti, nikaambiwa. Kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, kunaanza usiku, ukumbi umejaa, joto la Januari, chokoleti gani itafika mkononi ikiwa nzima? Mwingine akaleta la mishumaa ya kunukia, ambayo hulainika na kupinda ndani ya buti la gari kabla haijaonwa na mtu. Wa tatu akashauri lozi ndani ya vijifuko vya nailoni, kana kwamba mifuko ya nailoni haikupigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Mimi nikashika udi ndani ya kifuko cha leso. Hauozi, hauyeyuki, na nyumba gani ya Pwani haina chetezo cha kufukizia?

Leso nilinunua Biashara Street, doti nne za rangi moja, yaani leso nane. Chukua zenye mji, ile sehemu ya katikati, wa michoro midogo midogo; ua kubwa likikatwa vipande halijulikani ni ua au doa. Leso moja ina karibu sentimita 150 kwa 110. Vipande vya 30 kwa 12 vinaingia vitano kwa urefu na tisa kwa upana, yaani 45. Kipande ukikikunja kati, ukatoa sentimita moja ya mshono kila upande na pindo la mdomoni, unabaki na kifuko cha takriban 10 kwa 12. Leso nane zingetoa 360, lakini jina, yale maandishi ya leso, linakula sehemu yake. Usilipitishie mkasi hivi hivi. Tuseme leso imeandikwa «Ndoa njema haina kinyongo»: mgeni mmoja atapewa kifuko cha «ndoa», na mama mkwe, kwa bahati yake, atapewa cha «kinyongo». Nililitoa jina zima kama ukanda na kuuzungushia sinia la kugawia.

Leso mpya usiifue kabla ya kukata. Ule wanga wa kiwandani ndio unaoshika kitambaa kisicheze chini ya mkasi. Ukiifua utaanza kukimbizana na nyuzi. Piga pasi, kunja mara nne, kata. Pinda mdomo kwanza kipande kikiwa bado bapa, halafu ndipo ukunje na kushona mbavu. Wanaofanya kinyume hujikuta wanapinda mdomo wa kifuko kisichoingia hata kwenye mguu wa cherehani. Na usikate uzi kila kifuko: sukuma kimoja, kikiisha ingiza kinachofuata hapo hapo, vitoke vimefuatana kwa uzi kama mishikaki, kisha mtoto akae avikate. Nusu ya kazi ya cherehani ni kukata na kuanza upya, na hii inaiondoa yote.

Sasa udi wenyewe. Mapande mazuri ni ghali, na kwa watu mia tatu hayana haja. Waulize wauza udi wa Mji wa Kale wakupe makombo na vumbi linalobaki wakichonga na kupima. Hunuka vile vile na bei yake haikaribiani. Nilichanganya kilo moja: makombo ya udi na unga wa sandali, nusu kwa nusu. Sukari ya kuushikanisha nayo kilo moja, maji vikombe viwili, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, na marashi ya mawaridi kikombe cha kahawa.

Hapa ndipo ushauri mbovu ulipotaka kunimaliza. «Koroga, usiache mkono,» niliambiwa, tena na mtu mzima anayejiita mjuzi. Jaribu uone. Sukari inachemka vizuri, inakuwa nzito, unajisifu kimoyomoyo. Ghafla ukingoni mwa sufuria panatokea weupe, mwiko unaanza kukwaruza, na kufumba na kufumbua sufuria nzima imegeuka chenga kavu. Umerudi na sukari yako uliyonunua dukani, tofauti ni kwamba sasa imeshika sufuria. Sababu ni kwamba punje moja ikidondoka kutoka ukingoni, na mwiko ukaizungusha, nyingine zote huigandia. Koroga mpaka sukari iyeyuke, basi, weka mwiko chini. Ukingo upanguse kwa kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye kijiti. Ndimu ndiyo inayozuia punje zisirudi, kwa hiyo anayekwambia ni ya harufu mpuuze. Na chenga zikishatokea usimwage: ongeza kikombe cha maji, yeyusha, anza tena kwa moto mdogo.

Sukari iive mpaka ifike rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Dondosha tone kwenye maji baridi: likibonyea kwa kidole, bado; likivunjika kwa mlio, epua. Ukiepua mapema, udi utabaki unanata milele, na hewa ya Mombasa itaumalizia. Ukichelewa, chetezoni kitanuka caramel iliyoungua kuliko udi. Mimina makombo yote kwa mara moja, geuza haraka kwa mwiko wa mti.

Manukato tia sufuria ikiwa chini, moto umeshazimwa, tena yawe ya mafuta: miski, ambari, mafuta ya udi. Manukato ya kupuliza yana spiriti. Juu ya moto yanaweza kuwaka usoni pako, na yasipowaka yanapanda na mvuke yote. Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, unene wa kidole, na kabla haijakauka kabisa chora mistari kwa kisu. Ukingoja ikauke, utavunja kwa nyundo na kupata vipande vya kila umbo.

Kilo mbili kwa wageni mia tatu ni gramu sita au saba kila mmoja, yaani vipande viwili vya kufukiza. Kila kipande nilikigaragaza kwenye unga wa sandali uliobaki ili visishikane, nikavifunga kwa foili ndipo vikaingia kifukoni. Bila foili mafuta hutoka na kuchora duara jeusi kwenye leso. Msimu wa masika weka kila kitu kwenye debe la mfuniko na kifuko cha mchele mkavu ndani, vifungwe siku ya mwisho.

Utepe wa sentimita 30 kila kimoja ni mita 90, kwa hiyo bunda la yadi mia linatosha kwa kubana. Ncha zipitishe kwenye moto wa mshumaa zisichanuke.

Kuna waliotaka asumini ndani ya kifuko pia. La. Asumini iliyofungiwa hutoka jasho na kesho yake ni ya kahawia, na unyevu wake unaharibu udi. Anayetaka maua atunge vikuba mbali: vichumwe vitumba jioni kabla havijafunguka, vitungwe na mrehani na mkadi, vilazwe kwenye jani la mgomba, vigawiwe usiku ule ule.

Gharama? Kila kifuko hakikufika shilingi arubaini, labda hamsini ukihesabu chai ya washonaji. Vya dukani, vya wavu na lozi tano, niliulizwa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Gawa mlangoni wageni wakitoka. Ukiviweka mezani, wa kwanza kufika watachukua vitatu vitatu. Na vitakavyobaki mkabidhi shangazi asiyeona haya kumwambia mtu hapana.