Siku moja Mida: sisi wa kuhesabu kaa

Saa 11 alfajiri. Kalenda yangu haina Jumatatu wala Jumamosi, ina bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo). Leo ni bamvua. Maji yatakauka kabisa mnamo saa nne na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi jioni yatakuwa yamerudi hadi kwenye mashina ya mikoko. Kazi yote ya matopeni lazima ienee humo katikati. Nakunywa chai na mahamri, navaa raba za kamba (buti hunaswa na tope ukabaki na soksi), nachukua tepe, rangi ya manjano na fomu za karatasi isiyolowa, natoka.

Mtaani kwetu, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, mimi ni "mtu wa mazingira". Naletewa malalamiko ya jalala, ya choo cha jirani kinachovuja, ya wachoma mkaa. Kuna mama aliyenishika mkono akitaka nikamkamate mkata mikoko. Mama yangu, mimi simkamati mtu! Mimi ni mwanaikolojia. Nalipwa, tena si sana, nijue nani anaishi wapi katika hori hili la Mida, kwa nini yuko hapo na si pale, na nani anamla nani.

Saa 12 na nusu tuko chini ya mikoko tukihesabu kaa wapandao. Ni kaa wadogo wanaojificha mizizini. Kukipambazuka hupanda mti hadi juu wakale majani mabichi, hushuka kabla jua halijachoma, na alasiri hupanda tena. Wanasayansi wamewafuatilia hapa Mida kwa miaka mingi. Unasimama wima, hukohoi, hupigi mbu. Ukitikisika, wote wanahamia upande wa pili wa shina na hesabu imeharibika.

Saa 2, viwanja vya mita 10 kwa 10. Kila mti unapimwa kipenyo. Miti mingine tunapima mita 1.3 kutoka chini, lakini mkoko una mizizi iliyotanuka kama miguu, kwa hiyo unapanda sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho ndipo unazungusha tepe. Mwanafunzi wetu wa mafunzo ya vitendo anaandika, mimi naita: mkoko, mkoko, mkandaa, mkoko. Yote ni miti ya msitu huu wa mikoko, kila aina na mahali pake. Mlilana uko mbele kabisa, unapopigwa na bahari, na mkandaa hujipanga nyuma. Mchu utaukuta hata kule ardhi inapokaukiwa na kubaki chumvi.

Mwanafunzi anauliza, sasa sisi na dada wa maji tofauti yetu nini? Swali zuri. Mwenzetu huyo yuko ng'ambo ya hori na chupa zake. Amesomea sayansi ya mazingira. Mida haina mto mkubwa unaoingia, maji matamu huja kwa chini ya ardhi, kwa hiyo yeye anachota visimani na ufukweni, anapima chumvi, naitrati na vijidudu vya kinyesi. Swali lake linaanza na shida ya watu: maji yana nini, yametoka wapi, sheria inasema nini, nani awajibike. Ili alijibu anahitaji kemia, jiolojia, sheria, uchumi, na mimi pia. Taaluma yake ilishamiri vyuoni miaka ya 1960 na 1970, dunia ilipoanza kuogopa viuatilifu na moshi wa viwanda. Ikolojia ni ya zamani zaidi, Mjerumani Ernst Haeckel aliipa jina mwaka 1866, nayo ingeendelea kuuliza maswali yake hata kama kusingekuwa na uchafu wala binadamu hapa.

Kisha wakaja wageni.

Walikuwa wafike saa mbili. Wamefika saa nne, fulana mpya, droni, bango, na magunia ya miche ya mkoko. Meneja wao anataka kupanda pale kwenye tope jeupe lililo wazi, kwa sababu panapendeza kwenye picha.

"Hapo hapapandwi, bwana meneja."

"Kijana, si ninyi watu wa mazingira mnaosema tupande miti? Hapa hapana kitu."

Hapana kitu! Nikamwonyesha vitwitwi, ndege wa ufukweni, waliojaa ukingoni. Wengine wamezaliwa Siberia. Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, anataga kwenye mashimo ya mchanga pwani za Ghuba na Oman, kisha anakuja hapa wakati wa kaskazi kwa sababu ya tope hilihili, lenye minyoo na kaa tele. Ukilifunika kwa miti umefunga jiko lao. Na miche yenyewe itazama muda mrefu kila maji yakijaa, itapigwa na mawimbi, itafa. Ufilipino walipanda hivyo kwa miaka, mikoko mahali pasipo pake, na sehemu kubwa ikafa.

Akaniuliza kama nina barua ya kumkataza.

Tukabishana. Droni ikapaa, ndege wote wakaruka wakaenda zao. Mimi nikieleza, yeye akiangalia saa, na maji, ambayo hayangoji mtu, yakaanza kurudi kwenye vijito. Kiwanja changu cha tatu nikakiona kinaondoka hivihivi. Aliyetuokoa ni mzee wetu wa mtumbwi, aliyekuwa kimya muda wote. "Mwanangu," akamwambia meneja, "ukipanda hapo, mtumbwi wangu nipitishe wapi?"

Basi. Hilo akalielewa. Sayansi yangu yote haikufua dafu kwa mtumbwi mmoja.

Tukawapeleka nyuma, kwenye upenyo uliokatwa zamani, mahali mikoko ilikuwako. Hata hapo miche ya asili imeanza kuota yenyewe, lakini sikuwa na nguvu za ugomvi wa pili. Jua kali, tope hadi magotini, kila mmoja akitaka picha yake. Sijui tulimaliza saa ngapi. Maji yalikuwa kiunoni tulipotoka.

Chakula tumekula jioni, wali baridi. Kaa wa alasiri aliwahesabu mwanafunzi peke yake akiwa ndani ya mtumbwi, na fomu zake ni safi kuliko zangu. Dada wa maji amekuta kisima kimoja kina vijidudu. Kesho anaandika barua kwa afisa wa afya.

Usiku naingiza takwimu kwenye kompyuta, macho yanafunga. Simu inalia. Meneja anauliza miche yake imenyonya kaboni kiasi gani. Haijalala hata usiku mmoja ardhini. Nitamjibu nikirudi kumalizia kiwanja cha tatu. Kesho maji yanakauka saa tano na robo.