Leo mama mkwe kaja mazoezini

Jamani leo acha niseme, moyo umejaa.

Wengi mnajua mie napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja. Nilipojifungua nikasimama, na niliporudi maneno yakawa mengi, mke wa mtu na fidla za usiku wapi na wapi. Mama mkwe hasemi kitu, ila akiliona lile kasha la fidla anageuza uso.

Sasa jioni hii mtoto kaanza kulia katikati ya mazoezi, hataki ziwa hataki kubembelezwa, mara namuona bimkubwa huyo mlangoni na buibui lake, akamchukua akamfunga mgongoni kwa kanga.

"Piga mwanangu, huyu niachie mie."

Nikapiga. Macho yangu yako kwenye mkono wake tu, anampigapiga mtoto sawasawa na ngoma ya dumbak, na pale wimbo unapobadilika na yeye anabadilika, hakosei!

Kumbe anazijua zote.

Njiani ndo ananambia usichanani alikuwa akiimba, baba yake akakataza. Akaanza kumtaja Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, mwaka 1928 akafika mpaka Bombay kurekodi santuri. Anamsimulia kama jirani yake. Miaka yote naishi na huyu mama sijawahi kuyasikia haya, nimelia.

Shoo ijayo kasema anataka kiti cha mbele.

Wasanii wenzangu wenye watoto wadogo, mazoezi ya usiku mnayawezaje? Nani anawashikia? Niambieni hapa.