Siku nilipoikata aya yangu kwa mkasi

Mwaka 2016, muhula wa pili, nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la saba katika shule moja ya msingi kaunti ya Kilifi. Wanafunzi walikuwa 61, madirisha hayakuwa na vioo, na upepo wa kusi ulikuwa umeshika kasi. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ulikuwa bado upo, na kwenye karatasi ya insha mtoto alipewa dakika 40 kutafuta alama 40. Sisi walimu tulikuwa na dawa moja ya hizo alama 40: mapambo. Nilikuwa na aya yangu ya kufungulia insha, nimeitunga mwenyewe, na kila mwaka niliiandika ubaoni mwezi wa kwanza. Wanafunzi waliinakili na kuikariri.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa limechomoza na miale yake ya dhahabu kuenea kote. Ndege walitumbuiza mitini kwa sauti nyororo. Upepo mwanana ulipepea na kuyatikisa majani. Maua yalinukia kama marashi. Nilijawa na furaha mithili ya kibogoyo aliyeota meno.

Niliipenda kweli aya hiyo. Ukisahihisha madaftari 61 yanayoanza hivyo, unaona darasa limeelewa.

Juma hilo nilitaka kufundisha mtiririko. Nilitaka waone kwa macho kwamba sentensi za aya zina mpangilio wake, haziwekwi ovyo. Usiku niliiandika aya yangu kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi za manila, nakala nane za makundi manane, nikazikata, kila sentensi kipande chake. Nilihitaji pia aya ya pili ya mazoezi, nayo nikaichukua kwenye lundo la madaftari niliyokuwa nimeshasahihisha. Nilichotafuta kilikuwa idadi tu: sentensi sita kama za kwangu. Nikaipata katikati ya insha ya msichana mmoja wa dawati la nyuma. Mada ilikuwa kazi unayoifanya nyumbani. Alianza na jua langu na ndege wangu, mistari kumi na mmoja, kisha akaingia jikoni kwa nyanya yake. Pembeni mwa aya hiyo ya jikoni nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Lugha kavu. Pamba!" Insha nzima nilikuwa nimeipa 19.

Asubuhi niliwaambia kila kundi liokote mawe, vipande visipeperuke. Tukaanza na aya yangu. Dakika tano zikapita, kumi zikapita. Kundi la kwanza likasoma: ndege, maua, jua, upepo. La pili: upepo kwanza, ndege mwisho. Nikasikiliza makundi yote manane nikitafuta la kukosoa, nisilipate, isipokuwa kwa waliosahau kuanza na Jumamosi. Kila mpangilio ulifaa sawasawa na wangu. Mvulana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, ni lipi lililopata?" Nikakosa la kumjibu. Nikagawa vipande vya pili.

Tui la kwanza halipikiwi wali moja kwa moja. Nyanya hulitenga kwenye bakuli na kulifunika. Chicha iliyobaki huitia maji ya vuguvugu na kuikamua tena. Tui hili la pili ni jepesi, na ndilo linalotangulia kwenye sufuria pamoja na mchele. Mchele ukikaribia kukauka, lile zito lililotengwa humiminwa juu. Likitiwa mapema hukatika.

Darasa likabadilika. Watoto walisimama, wakainamia meza, wakanyang'anyana vipande. "Hulitenga nini? Ni tui, weka hapo chini yake!" "Huwezi kusema lile zito kabla hatujaambiwa lilitengwa." Kundi moja tu liliteleza: liliweka "Likitiwa mapema hukatika" kuwa sentensi ya pili, kwa kuwa li- ya tui ilikuwa imekaa karibu. Wenzao wakapinga, nao wakashikilia, na kelele ikapanda mpaka mwalimu wa darasa la nane akachungulia dirishani. Ndipo yule msichana, ambaye muda wote huo alikuwa hajasema kwamba maneno ni yake, akasema polepole, "Hapo mtu hajui bado linatiwa wapi. Mapema kuliko nini?"

Lile kundi likainua jiwe na kukihamisha kipande.

Nilisimama mbele na chaki mkononi nikitazama vile vitu vidogo nilivyokuwa nimevifundisha miaka yote katika jedwali la ngeli, Jumatatu, mbali kabisa na insha, ambayo ilikuwa Alhamisi. Hulitenga, kulifunika, huitia, kuikamua, likitiwa. Li- inarudi kwenye tui, i- inarudi kwenye chicha, kila sentensi imeshika ncha ya ile iliyotangulia kama ukili wa mkeka. Kwenye aya yangu jua lilikuwa na lake, ndege na wao, maua na yao. Hakuna sentensi iliyomhitaji jirani yake. Kiswahili chenyewe kina uzi wa kushonea aya, na mimi nilikuwa nimeufundisha kama orodha ya kukariri, halafu nikawapa watoto shanga zisizotungwa.

Kengele ya chakula ilipolia nilimwita yule msichana. Nikamwonyesha maandishi yangu mekundu na kumwambia, "Hapa nilikosea, mwanangu." Nikayakata, na ile 19 nikaikata pia, nikamwomba aiandike insha upya alivyoona yeye, nami niisome upya.

Hakuondoka. Alikaa dawati la mbele akachukua rula na penseli, akaanza kupiga mstari kwenye ile mistari kumi na mmoja ya mwanzo, mmoja mmoja, bila haraka. Kibogoyo akaenda, ndege wakaenda, jua likaenda. Alipofika juu kabisa, kwenye "Ilikuwa siku ya Jumamosi", akanyanyua penseli.

"Hii naiacha, mwalimu," akasema. "Nyanya hupika wali Jumamosi tu."