Sale kwa ajili ya Merit

Jumapili binti wa dada aliona kwenye simu yangu kipande cha Ringu, filamu ya Kijapani ya 1998, pale Sadako, mzimu wa msichana, anapotoka kisimani na kutambaa hadi nje ya televisheni. Nikamtuliza kwa kumweleza ufundi. Mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha zikarudishwa nyuma, ndiyo maana ule mwendo unatia kichefuchefu. Nikamfikisha hadi kwa Georges Méliès, Mfaransa aliyesimamisha kamera mtu atoke kisha akaendelea kupiga, na kwa Victor Sjöström wa Sweden, ambaye mwaka 1921 alipiga picha mara mbili juu ya mkanda uleule ili wafu waonekane wanapenyeka. Alinisikiliza vizuri, halafu akauliza: "Sasa mamdogo, huyu dada anataka nini?"

Swali la Bibi kabisa.

Nilipokuwa mtoto, Bibi alikuwa ameshuka kutoka Kibosho, Kilimanjaro, kwa ajili ya kliniki ya macho, akafikia kwetu Majengo. Usiku ule tulikuwa tumeazima kanda ya Living in Bondage, ile ya Nigeria ya 1992. Wanaongea Kiigbo, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, na mimi ndiye niliyekuwa namsomea Bibi kwa Kiswahili. Andy anataka utajiri, anaingia kwenye chama cha siri, anamtoa kafara mkewe Merit. Hela zinakuja. Anaoa mwingine. Ndipo Merit anaanza kumtokea.

Sisi watoto tulijifunika kanga. Mama alisema zimeni hilo shetani. Bibi akasogeza kigoda mbele, karibu kabisa na kioo, kitenge kimemteleza begani na hana habari nacho. Mwanga wa televisheni ulimpiga usoni nikaona midomo inacheza. Alikuwa anaongea na Merit. Kwa Kichagga, polepole, kwa sauti ya kumpokea mgeni aliyefika amechoka. Alimpa pole. Akamuuliza kwao ni wapi, na kama wazazi wake wamepewa taarifa.

Kisha akanigeukia: "Huyo mwanaume ameshapeleka sale?" Yaani lile jani ambalo sisi Wachagga humpelekea tuliyemkosea kuomba msamaha.

Nikasema hapana, Bibi, anakimbia tu.

"Anakimbilia wapi? Achume sale, alifunge fundo, aende kwa wakwe zake akapige magoti."

Mama alishindwa kunyamaza. "Mama, ameua! Hiyo ni damu, siyo mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Sale litafanya nini?"

"Halifuti," Bibi alisema. "Lakini bila sale, wazee wataanzaje kumsikiliza?"

Kanda ikaisha na sehemu ya pili hatukuwa nayo. Kesho yake Bibi alipanda Kibosho, na kila nilipokwenda likizo aliniuliza habari za Merit kabla ya kuniuliza za shule.

Tangu hapo kila mzimu wa filamu namtafutia dai lake. Kwa Merit naliona. Kwa Sadako naliona pia, maana aliuawa akatupwa kisimani, lakini yeye anaua hata wasiomjua, kwa kanda ya video yenye laana, na hapo hesabu ya Bibi inanigomea. Nilimwambia binti wa dada kwamba anataka asikilizwe. Akaniambia mbona walioiangalia ile kanda yake walikufa vilevile. Sikuwa na la kumjibu, na bado natafuta.