Nilivyoipata ratiba ya Lesley Selander kwa kufuata vivuli

Kila nilipouliza nianzie wapi kumsoma Lesley Selander, mwongozaji wa filamu za kauboi wa Hollywood, nilijibiwa jambo lile lile: chukua orodha ya filamu zake, zipange kwa mwaka, umemaliza. Ushauri wa bure, na thamani yake ndiyo hiyo. Orodha itakwambia kwamba alizaliwa Los Angeles mwaka 1900, akaingia studio akiwa kijana, akawa msaidizi wa mwongozaji kwenye filamu kubwa za studio ya MGM, ikiwemo A Night at the Opera ya 1935. Itakwambia kwamba mwaka 1936 Buck Jones, steringi wa filamu za kauboi, alimpa filamu ya kauboi aiongoze mwenyewe, na hadi 1968 alikuwa ameongoza zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa za kauboi za daraja B. Haikwambii alizimaliza vipi.

Na hapo ndipo penye utamu. Filamu ya B ilikuwa ile ya pili kwenye tiketi ya filamu mbili, na ukumbi uliikodi kwa bei maalumu, si kwa asilimia ya mapato. Maana yake mtayarishaji alijua mapema ataingiza kiasi gani. Siku moja ikizidi, faida inaliwa. Sasa nani anajua siku moja inabeba shoti ngapi, farasi wale saa ngapi, jua linapotelea wapi? Ni msaidizi. Ndiye anayeichambua skripti, anayekaa na ubao wa ratiba akipanga na kupangua vipande vya kadi, kila sini na kipande chake. Kwa hiyo nikasema siutafuti ustadi wa Selander kwenye nyuso za waigizaji. Nautafuta ule ubao. Na kwa kuwa ubao sina, nitauunda upya kutoka kwenye filamu yenyewe.

Nilichagua filamu yake moja ya Hopalong Cassidy, kauboi wa kubuni, ya mwishoni mwa miaka ya 1930, sehemu kubwa ikiwa imepigwa Alabama Hills, yale mawe ya mviringo nje ya mji wa Lone Pine, California, chini ya ukuta wa milima ya Sierra Nevada. Nakala ya kwanza niliipata bure mtandaoni, nikaifanyia kazi wiki nzima kabla ya kugundua kwamba ni ile ya televisheni. William Boyd, steringi mwenyewe, alinunua haki za filamu hizi mwishoni mwa miaka ya 1940, na zilipoingia kwenye televisheni zilipunguzwa hadi dakika 54 hivi ili zitoshe kwenye saa moja yenye matangazo. Kipimo ni rahisi: filamu ya milimita 35 inapita futi 90 kwa dakika, na rili, yaani gombo moja la filamu, ya futi 1,000 ni dakika 11. Magazeti ya biashara ya sinema ya wakati ule yaliandika dakika za kila filamu. Yakisema 65 na wewe unayo 54, umepungukiwa na rili nzima. Kwenye nakala yangu kilichonyofolewa kilikuwa hasa safari za farasi, yaani kile kile nilichokitaka. Nikaagiza DVD kutoka Marekani, na pamoja na usafiri ikanila laki moja na kitu.

Kuhesabu shoti kuna mtego. DVD ya Marekani inaonyesha fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde hivi, lakini filamu ilipigwa 24. Ukihesabu fremu bila kuondoa zile za ziada, shoti ya sekunde 4 itakupa 120 badala ya 96, na jedwali lako zima litakuwa uongo. Andika sekunde, achana na fremu. Na usiiamini programu ya kukata shoti yenyewe: kila bastola ikitoa mwanga na moshi, inadhani ni shoti mpya. Sini moja ya kurushiana risasi iliniletea shoti sitini na kitu, na zilikuwa kumi na tisa. Mwishowe nilitumia VLC, programu ya kutazama video, kitufe cha E, fremu baada ya fremu, kidole kikauma.

Baada ya hapo kila shoti ikapata mstari wake: sekunde, mahali, kamera inatazama wapi, nani yumo. Ilibaki kujua zipi zilipigwa siku moja, na hapa nilianguka vizuri kabisa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa nguo. Filamu za kawaida unazipanga kwa nguo na kwa doa la vumbi. Nikakaa siku nne nikiandika rangi ya skafu na mkunjo wa kofia. Ziro. Hopalong amevaa nyeusi yuko juu ya Topper, farasi mweupe, mwanzo hadi mwisho, na filamu ijayo ni vile vile. Wala si umaskini wa kabati. Steringi asipobadilisha nguo, shoti ya kukimbiza farasi ya mwaka jana inaingia kwenye filamu ya mwaka huu na hakuna anayeshtuka. Nguo ziliwekwa vile ili zisiseme lolote.

Nikahamia kwenye vivuli, nikaanguka tena, safari hii kwa kosa la mtu wa Dar. Kwetu kivuli cha adhuhuri mwezi wa sita kinaangukia kusini, mwezi wa kumi na mbili kinaangukia kaskazini. Nikaacha nafasi ya pande zote mbili kwenye jedwali, na kila shoti ikawa na majibu mawili. Lone Pine iko nyuzi 36 na nusu kaskazini. Jua la adhuhuri haliendi kaskazini ya utosi hata siku moja, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri kinaelekea kaskazini mwaka mzima. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu, kisha nikafuta safu nzima.

Hapo kanuni ikajitokeza, na ni nyepesi. Milima iko magharibi. Kamera ikiitazama milima, kaskazini ni kulia. Basi kivuli kifupi lazima kiegemee kulia. Kikienda mbali na kamera ni kabla ya adhuhuri. Kikija kwenye kamera ni baada yake. Milima yenyewe inathibitisha: asubuhi ukuta wote unang'aa, kila ufa unauona, alasiri ni kivuli kitupu. Urefu wa kivuli unakupa msimu. Mpanda farasi wa mita 2.4 kutoka ardhini hadi kofia anatupa kivuli cha nusu mita na kidogo adhuhuri ya mwezi wa sita, na zaidi ya mita 4 adhuhuri ya mwezi wa kumi na mbili.

Sini za usiku nazo usiziruke. Nyingi zilipigwa mchana wa jua kali, kichujio chekundu kinaitia weusi anga ya buluu na mwanga unabanwa. Vivuli vimo, tena vimekolea.

Mistari ilipopangwa kwa saa badala ya kwa hadithi, ubao ukaonekana. Jiwe moja lenye ufa kama herufi Y lilikuwa nyuma ya shoti tisa za sini nne tofauti, na vivuli vyote tisa vilikuwa na urefu ule ule. Kamera haikuhama. Hopalong na wenzake wanapita wakienda mjini, majambazi wanapita wakikimbia, gari la farasi linapita, kisha Hopalong tena, sasa anawafukuza. Kwenye hadithi ni siku tatu, mchangani sidhani kama ni dakika arobaini. Asubuhi ni mazungumzo yenye milima nyuma, jua likiwa usoni mwa watu. Adhuhuri, ukingo wa kofia unapoyameza macho, hakuna mazungumzo hata moja: ni farasi wa mbali tu, ambako macho hayahitajiki. Alasiri kamera inageuka kutazama mashariki. Na hakuna shoti ya jioni sana, kwa sababu Mlima Whitney, ulio kwenye ukuta ule, una mita 4,421 na mji uko kwenye mita 1,100 na kidogo, kwa hiyo mawe yanaingia kivulini karibu saa moja kabla ya machweo yenyewe. Asiyelijua hilo atawalipa watu na farasi kukaa gizani. Wanaosema waongozaji wa B hawakuwa na mtindo, wakae na jedwali kama hili kwanza.

Shoti moja ilikataa. Hopalong anakimbiza farasi kutoka kulia kwenda kushoto, milima nyuma inang'aa, kivuli ni kifupi na kinaegemea kushoto. Haiwezekani, jua la kutupa kivuli upande ule ni la alfajiri ya kiangazi, na kivuli chake kingekuwa kirefu kama mnazi. Niliipeleka siku ya tatu, ya nne, nikadhani imeazimwa kutoka filamu nyingine. Bastola hazikusaidia, maana anavaa mbili, moja kila upande. Mwishowe nikaitazama milima badala ya mtu. Ukiwa kwenye yale mawe, kilele cha Lone Pine Peak kiko kushoto kwa Whitney. Hapa kilikuwa kulia. Shoti ilikuwa imegeuzwa kama kwenye kioo, ili mbio zifuate upande mmoja na shoti zilizotangulia. Nikaigeuza kwenye kompyuta: kilele kikarudi kushoto, vifungo vya shati vikarudi upande wa kiume, na kivuli kikaegemea kulia, urefu sawasawa na zile tisa za jiwe lenye ufa.