Mafuta ya Idi yasiingie kwenye sinki

Siku ya Idi el-Fitri ya mwaka 2024, iliyosadifu Jumatano tarehe 10 Aprili, jirani yetu wa ghorofa ya chini alipanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, ghorofa ya tatu, akiwa bado amejifunga leso zake mpya. Nilimwamkia, akaitikia shikamoo yangu na kunipa mkono wa Idi, kisha akanieleza kwa sauti ya upole iliyonifanya nione haya kuliko kama angenigombeza: "Mwanangu, kuna wali unapanda kwenye sinki langu, nami leo sikuweka hata sufuria motoni, maana nimealikwa kwa kijana wangu." Wali ule ulikuwa wangu. Nilikuwa nimepika pilau ya kilo sita tangu alfajiri, na kwa kuwa masufuria makubwa hayakutosha, nilikuwa nikiyaosha kila yalipoachwa wazi, huku wageni wakila na kupisha wengine.

Wengi tunaoishi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam hatulifikirii bomba la maji machafu ya jikoni kuwa ni la wote. Kila jiko lina bomba lake jembamba, kwa kawaida la inchi moja na nusu au mbili, linalotoka chini ya sinki na kuingia kwenye bomba la wima linalokusanya maji ya ghorofa zote, nalo linashuka hadi kwenye chemba iliyo uani na kutoka hapo kuelekea karo au bomba la mtaa. Likiziba chini, maji ya aliye juu yanaendelea kushuka kama kawaida, na kwa kuwa hayana pa kwenda, yanatokea kwenye tundu la kwanza lililo karibu na usawa wa ardhi, ambalo ni sinki la jirani wa chini. Anayeziba na anayefurikiwa ni watu wawili tofauti, na kwa sababu hiyo mwenye kosa anaweza kukaa miaka mingi bila kujua kwamba ana kosa.

Fundi bomba alipatikana Idi Pili. Alipofunua chemba, nilisimama pembeni kwa makusudi ili nione kwa macho yangu. Juu ya maji palikuwa na tabaka jeupe lililoganda kama nta, lenye unene wa vidole viwili, na ndani yake mlikuwa mmenasa chembe za wali, vijiti vya mdalasini, maganda ya iliki na machicha ya nazi. Kipande alichokitoa kwenye mdomo wa bomba kilikuwa na umbo la bomba lenyewe, mviringo kamili wenye tundu dogo katikati ambalo kalamu isingepita kwa urahisi. Aliniambia kwamba kitu kile hakikutokana na Idi moja, na nikimtazama nilijua kwamba anasema kweli. Sikukuu ilileta tu kazi ya mwezi mzima ndani ya saa sita, ikalikuta bomba ambalo tayari lilikuwa limebakiza nafasi ya kalamu.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mafuta yagande katika mji wenye joto kama huu. Baadaye nilielewa kwamba si kila mafuta yana tabia moja. Mafuta ya alizeti hayagandi hapa kwetu hata usiku, na mafuta ya nazi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, mara nyingi hubaki maji katika joto la Pwani. Mafuta ya mbuzi, kondoo na ng'ombe ni mambo mengine kabisa, kwa sababu huhitaji nyuzi joto 40 na zaidi ndipo yayeyuke, na Dar es Salaam haina siku ya namna hiyo. Kwa hiyo supu ya mbuzi inapomwagwa ikiwa ya moto, inapita kwenye sinki kama maji, halafu mita chache mbele, bomba linapolala na maji kupoa, inaanza kushika ukutani, tabaka juu ya tabaka. Bomba hilo lililolala ndilo huziba kwanza, nasi hatulioni kwa sababu limo ndani ya zege.

Hapa ndipo ninapopingana na ushauri ambao karibu kila mtu anautoa, wa kumimina birika la maji yanayochemka kila baada ya kuosha vyombo. Nilikuwa nikifanya hivyo kwa uaminifu mkubwa. Maji hayo huyeyusha mafuta yaliyo karibu na sinki na kuyasogeza mbele, mahali ambapo mkono wala waya wa kawaida haufiki, yakagande huko. Zaidi ya hayo, mabomba yetu mengi ni ya plastiki ya PVC, ambayo huanza kulainika kwenye joto lililo chini ya lile la maji yanayochemka, na maungio yake yakizoea kumiminiwa hivyo yanaweza kulegea na kuvuja. Sabuni ya maji nayo hutudanganya kwa namna inayofanana. Inayashika mafuta kwa muda wa kuyaondoa kwenye sahani, lakini inapochanganyika na maji mengi na kupoa, mafuta hujitenga tena. Mjini London, mwaka 2017, kwenye bomba la majitaka la eneo la Whitechapel, lilikutwa donge la mafuta na taka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na ni jiji zima lililokuwa likitumia sabuni.

Wali una ubaya wake wa peke yake. Chembe iliyoiva huendelea kunywa maji na kuvimba hata ikiwa ndani ya bomba, kisha hulainika na kuwa gundi inayoshikamana na mafuta. Machicha ya nazi hayavimbi sana, ila hayaozi upesi wala hayayeyuki. Hukaa kama nyuzi zinazoshikilia kila kinachopita. Viungo vizima vya pilau, ambavyo ndivyo fahari ya pilau yetu, hukwama kwenye ile kona ya chini ya sinki inayobaki na maji ya kuzuia harufu. Ukichanganya vitu hivyo vitatu na mafuta ya mbuzi, umetengeneza kizibo kwa mikono yako.

Bibi yangu hakuwa na sinki. Aliosha vyombo uani kwa majivu na kumbi la nazi, na kabla maji hayajagusa sufuria, alikuwa ameshalikwangua na kulisugua kavu kavu mpaka mafuta yote yamenywewa na majivu. Ukoko walikula kuku. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni shida ya kukosa sabuni. Sasa ninaona kwamba siri yote ilikuwa pale, katika kusugua kukavu kabla ya maji, na tangu Idi ile ndivyo ninavyofanya, ingawa majivu siyatumii jikoni kwa sababu nayo yakiingia kwenye bomba hutuama kama saruji. Ninakwangua sufuria kwa mwiko wa mbao likiwa bado na uvuguvugu, ninalifuta kwa gazeti kuukuu au kwa machicha yenyewe, ambayo hunywa mafuta vizuri sana, kisha uchafu huo ninautia kwenye mfuko wa taka. Kazi hii hunichukua dakika mbili kwa sufuria la kilo sita. Sahani za wageni zinapitia kwenye beseni moja la kukusanyia mabaki kabla hazijafika kwenye sinki, na beseni hilo nimemkabidhi binti yangu, ambaye hamruhusu mtu yeyote kupita na sahani yenye wali, awe mjomba au shemeji.

Mafuta ya kukaangia sambusa na bajia ninayaacha yapoe kabisa, ninayachuja, na yakiwa bado mazuri yanarudi kwenye dumu. Yakishachoka, ninayafunga kwenye chupa na kuyatupa pamoja na taka, wala siyamwagi uani. Kwenye tundu la sinki nimeweka chujio la chuma lenye matundu madogo, lililouzwa kwa bei isiyofika hata ya nazi mbili, na ninalimwaga kwenye taka kila linapojaa, bila kuligonga-gonga juu ya tundu lililo wazi.

Dada yangu anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, aliniambia kwamba yeye hana haja ya taabu hiyo kwa sababu chini ya sinki lake ipo mashine ya umeme ya kusagia mabaki ya chakula. Mashine hiyo ilibuniwa na John W. Hammes, msanifu majengo wa mji wa Racine, Wisconsin, mwaka 1927, na huko imekuwa kitu cha kawaida majumbani. Yalimkuta mwaka uleule, Idi el-Hajj, alipoisagisha ukoko wa biriani na maganda ya viazi kwa mkupuo mmoja. Mashine husaga, haiyeyushi. Wali na viazi vilivyosagwa huwa uji mzito, na uji huo ndio uliomzibia bomba huku mashine yenyewe ikiwa nzima. Fundi wa huko alimwelekeza aipe kidogo kidogo, maji ya baridi yakitiririka kabla ya kusaga na kwa muda baada ya kumaliza, kwa sababu maji ya baridi huyafanya mafuta machache yaliyopita yabaki magumu na yasukumwe, badala ya kuyeyuka na kujipaka ukutani. Alimsisitizia pia asiingize mkono humo kamwe, na akate umeme kabla ya kuchokonoa chochote. Mafundi bomba wa Marekani huihesabu Ijumaa inayofuata Sikukuu ya Shukrani, siku yao ya karamu kubwa ya familia, miongoni mwa siku zao zenye kazi nyingi zaidi, na kila nyumba wanayoitwa, ninaamini, ina mpishi aliyedhani kwamba kilichotoweka machoni kimekwisha.

Sinki likishaziba, tafadhali tusikimbilie kostiki soda, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba. Ikikutana na maji huchemka yenyewe na inaweza kukurukia machoni, na ikikutana na sufuria za alumini hutoa gesi inayoshika moto. Hatari kubwa zaidi ni kumimina dawa ya klorini ya kuondoa madoa juu ya dawa ya asidi ambayo mwingine aliimimina asubuhi, kwa sababu gesi inayotoka huunguza mapafu. Weka ndoo, fungua kona ya chini ya sinki kwa mkono, uitoe taka na uioshe. Mara nyingi tatizo linaishia hapo. Ikiwa kona ni safi na maji bado hayashuki, ongea na majirani kabla ya kumwita fundi, maana tatizo ni la chemba. Na ikiwa ni msimu wa masika, kama ilivyokuwa Aprili ile ya mvua kubwa, chungulia karo kwanza, kwani ardhi iliyojaa maji hainywi tena, na hakuna waya utakaosaidia mpaka gari la majitaka lije.

Wiki mbili kabla ya Idi el-Hajj, wapangaji wa ngazi yetu tulichanga fedha, chemba ikasafishwa na bomba la wima likapitishwa waya kuanzia juu. Siku yenyewe, nyama ya udhiya ilipofika, utumbo ulisafishwa uani kwenye ndoo, na mafuta ya kondoo yalikatwa na kufungwa kwenye mifuko kabla ya kupandishwa jikoni. Magharibi nilishuka na sahani ya nyama kwa jirani yangu, nikamwomba ruhusa ya kulitazama sinki lake. Lilikuwa kavu.