Kwa Nini Nimeacha Windows na Linux Zikae Kompyuta Moja

Fundi wa kompyuta wa eneo la Majengo aliyekuwa akipuliza vumbi ndani ya kompyuta yangu mpakato aliniambia kwa upole, "Dada, hii nikupigie Linux moja kwa moja, uachane na Windows." Windows na Linux ni mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta nzima. Hoja yake ilikuwa na uzito. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, toleo nililokuwa nalo, tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu (chipu kuu ya kompyuta), ya Intel kizazi cha 7, haimo miongoni mwa zinazokubaliwa na toleo linalofuata, Windows 11. Kuingia kwenye akaunti yangu ya benki kwa kutumia mfumo usiopata tena masasisho ya usalama ni hatari nisiyokuwa tayari kuibeba.

Hata hivyo nilikataa, kwa sababu mimi ndiye mtunza hesabu wa kikundi chetu cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma, na programu yetu ya hesabu iliandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Humo mna kilo za kila mkulima, madeni ya dawa na malipo ya misimu kadhaa. Niliijaribu kwenye Linux kwa kutumia Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Ilifunguka vizuri, ila iligoma kuchapa stakabadhi, na mkulima aliyeleta mzigo wake hawezi kuondoka bila karatasi mkononi. Programu hiyo moja ndiyo iliyoamua jambo zima: Windows ibaki, na Linux ikae kando yake.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha nikayafungua baadhi yake kwenye kompyuta ya jirani ili nihakikishe kwamba yanasomeka. Kwa jioni tatu niliendesha Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, nikipima Wi-Fi, sauti na printa. Niliporidhika, nilipunguza eneo la Windows kwenye diski nikiwa ndani ya Windows yenyewe, nikatenga GB 100 kati ya 256 kwa ajili ya Linux. Kazi hiyo niliifanya betri ikiwa imejaa, kwa kuwa umeme ukikatika diski inapogawanywa, mafaili yanaweza kupotea.

Nilizima pia ule uwashaji wa haraka wa Windows, ambao huiacha kompyuta ikiwa haijazimika kabisa, na kwa sababu hiyo Linux hukataa kuandika kwenye eneo la Windows.

Jambo ambalo sikuliwazia ni saa. Linux huchukulia kwamba saa ya ndani ya mashine inafuata saa ya kimataifa ya UTC, ilhali Windows huisoma kama saa ya mahali ulipo, nasi tuko saa tatu mbele ya UTC. Asubuhi moja nilitoka Linux nikaingia Windows na kupokea mzigo wa zabibu saa nne; stakabadhi ikaandika saa moja, wakati ambapo hata mizani ilikuwa bado haijatolewa nje. Niliporudi Linux niliandika amri ya timedatectl set-local-rtc 1, inayoiambia Linux nayo ichukulie saa ya ndani kuwa saa ya mahali ulipo, na tangu hapo mifumo yote miwili inaonyesha saa ileile.

Sasa Windows nimeikata intaneti kabisa na ninaifungua kwa ajili ya hesabu tu. Shughuli nyingine zote ziko Linux. Stakabadhi tano za asubuhi ile nilizirekebisha kwa kalamu, moja baada ya nyingine, kila mkulima akishuhudia na kutia sahihi kando ya saa mpya.